MREJESHO: Kupima kimeng'enya cha ubongo wa sato bila mionzi

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nitapimaje asetilikolinesterasi kwenye ubongo wa sato, kimeng'enya kinachozuiwa na baadhi ya viuatilifu vya mashambani, wakati maabara yetu hapa Mwanza hairuhusiwi kushika kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi. Mlinielekeza kwenye njia ya Ellman ya mwaka 1961. Imekubali!

Badala ya asetilikolini yenye mionzi (asetilikolini ndiyo kimeng'enya hiki hukata mwilini) unaweka asetilithiokolini, pacha wake mwenye salfa. Kimeng'enya kikiikata, thiokolini inayotoka inamenyuka na DTNB, kemikali inayoonyesha thioli (molekuli zenye salfa na hidrojeni), na kuleta rangi ya njano, unaisoma kwa mwanga wa nanomita 412. Njano ikipanda haraka, kimeng'enya kiko hai.

Siku ya kwanza nilivunjika moyo. Ubongo wa sato niliyemnunua mwaloni Kirumba, niliousaga juu ya barafu, uligeuka njano kabla hata sijaweka asetilithiokolini. Dada mmoja wa maabara ndiye aliyeniokoa: tishu yenyewe ina thioli zake, nazo zinaimaliza DTNB kidogo. Akasema, "Subiri dakika kumi mdogo wangu, namba zitulie, ndipo uongeze." Nikasubiri. Mstari ukanyooka kama rula!

Sasa kila mara naweka pia kyuveti (kichupa cha kupimia) isiyo na tishu, maana kwenye pH 8 asetilithiokolini huvunjika yenyewe polepole; kiasi hicho lazima kitolewe kwenye hesabu.

Mkuu uliyesisitiza DTNB nifunike kwa foili isipigwe na mwanga, asante sana. Wiki ijayo naanza na sato wa upande wa Magu, karibu na mashamba ya pamba.