Udhu wa adhuhuri mtoni na kichocho kisichokwisha: khutba iseme nini?

Jembe_la_Bonde

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kamati ya afya ya shehia moja kaskazini mwa Pemba inaandaa maneno ya kusemwa msikitini siku ya Ijumaa na kufundishwa vyuoni (madrasani). Tatizo ni kichocho. Dawa hugawiwa, watoto humeza, na wakipimwa tena hupatikana walewale pamoja na wapya, hasa kwenye nyumba zilizo jirani na kijito kinachopita kandoni mwa bonde la mpunga. Msikiti una maji ya mfereji, lakini wanaolima bondeni hawapandi msikitini adhuhuri, hutia udhu papo hapo kijitoni. Vijana huchamba humo, kinamama hufua, watoto wakitoka skuli huingia kukoga.

Je, udhu wa dakika mbili unatosha kumwambukiza mtu? Imamu aseme nini kitakachoshika, maana jibu linalorudi kila mara ni kwamba maji ya mto ni tahara? Na nini kinaweza kufanywa kwa vifaa vya kijijini bila kungoja mradi?

Darubini

Waalaykumu ssalaam. Dakika mbili zinatosha.

Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo, Schistosoma haematobium, na konokono anayekibeba huku kwetu ni Bulinus globosus. Yai likitoka na mkojo likafika kwenye maji yasiyo ya chumvi, huanguliwa, na kinachotoka kina kama siku moja tu ya kumpata konokono. Kikimpata, huzaana ndani yake hata kikawa maelfu. Baada ya wiki nne mpaka nane konokono huanza kumwaga serkaria, vijidudu vyenye mkia, navyo ndivyo vinavyopenya ngozi hata kama haina kidonda wala mchubuko. Huishi majini hadi saa 48 hivi.

Sasa tazameni saa. Serkaria humwagwa kwa wingi jua likiwa kali, baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mayai nayo hutoka kwa wingi katika mkojo wa saa hizohizo, na ndiyo sababu maabara hutaka mkojo uliokusanywa baina ya saa nne na saa nane, wakachuja mililita 10. Adhuhuri yetu huingia kwenye saa sita na robo, sita u nusu. Kwa hiyo mkulima hutia miguu majini katika saa mbaya kuliko zote, na mtoto aliyetoka skuli humfuata nyuma. Kama kamati ina nguvu ya kubadilisha jambo moja tu, iwe udhu wa adhuhuri.

Kuhusu "walewale": prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho inayogawiwa, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kimoja kina miligramu 600. Mtoto wa kilo 30 humeza viwili, mtu wa kilo 60 humeza vinne. Skulini hutumika fimbo ya kupimia urefu badala ya mizani: sentimita 125 hadi 138 ni vidonge viwili, 138 hadi 150 ni viwili na nusu. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga, yenye wiki chache tangu kuingia mwilini, wengi wake huponea, na dawa haiachi kinga yoyote. Aliyemeza Jumanne akakoga kijitoni Jumamosi kaanza upya.

Maalim_wa_Chuo

Hapo kwenye "maji ni tahara" ndipo penye fundo, na wengi wanaotoa mawaidha hulikata badala ya kulifungua.

Wanaosema maji ya kijito ni tahara hawajakosea. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yakifika kula mbili, ambazo ni kama lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, utamu au harufu. Kichocho hakigeuzi hata kimoja katika hivyo vitatu. Basi imamu asisimame kuwaambia watu udhu wao haukusihi. Atajibiwa na mtoto wa chuo, na khutba nzima itaanguka hapo. Aseme kwamba tahara ni hukumu ya ibada na usalama ni habari ya mwili. Maji yanaweza kuwa tahara yakakutia maradhi, kama nyama ya halali inavyoweza kuoza.

Halafu aende kwenye mkojo, kwa sababu huko dini ina maneno makali. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akakoga humo. Pia ametahadharisha na mambo yanayoleta laana, mojawapo kujisaidia penye vyanzo vya maji. Vijana watadai kijito kinatiririka, hakikutuama. Waonyesheni vidimbwi vya pembeni, penye magugu, ambapo maji hayaendi. Na asiyetaka hoja hiyo aulizwe kuhusu kanuni ya kutodhuru: jirani wa chini anayefua kwa maji hayo ana kosa gani?

Jambo jingine ni kuchamba. Kijana hukojoa ukingoni, akaona kafanya vizuri kwa kuwa hakukojoa majini, kisha huchutama kijitoni kujisafisha. Matone ya mwisho ndiyo anayoyasuuza humo.

Darubini

Maalim kagusa penyewe. Mwenye kichocho mara nyingi huona damu mwishoni mwa mkojo, kibofu kinapojiminya, na matone hayo ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi. Istibrai, kwa maana ya kungoja matone yaishe, ikifanywa mbali na maji ni kinga ya jirani. Ikifanywa ndani ya maji ni kumpandia mbegu.

Mfereji

Nijibu upande wa vifaa.

Tuanze na kiasi. Watu hudhani udhu unataka mto kwa kuwa wamezoea mfereji unaomwaga ovyo. Mtume alitia udhu kwa mudi moja na akikoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kibaba, robo ya pishi, karibu lita 0.7. Dumu la lita 20 likitoka nyumbani asubuhi linawatosha watu kumi kwa udhu wa adhuhuri na la alasiri, lita moja kila udhu, bila kujibana. Anayeleta jembe na chakula bondeni aweza kuleta dumu juu ya baskeli.

Bondeni wekeni kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, choma tundu moja kwa msumari wa moto, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko, litundike kwenye mti mlalo uliokaa juu ya panda mbili, funga kamba shingoni mwa dumu na mwisho wa kamba kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika mikono ikiwa huru. Kosa la kawaida ni tundu kubwa (dumu hukauka baada ya watu watatu) au tundu la chini, ambalo huvuja hata usipokanyaga. Chini wekeni kokoto, pasiwe tope.

Kama hakuna maji mengine ila ya kijito, yachoteni kwa ndoo yenye kamba mkiwa mmesimama pakavu, myaweke kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili kamili. Serkaria watakufa wenyewe. Sharti konokono asiingie na maji, na pipa lisiongezwe maji mapya katikati ya siku hizo, maana mkiongeza mnahesabu upya. Kwa hiyo mapipa yawe mawili au matatu ya zamu. Kuchuja kwa kanga hakutoshi. Kuchemsha kunatosha, ila nani atakata kuni za udhu? Na jueni kwamba kutulia siku mbili kunaondoa kichocho tu. Maji ya kunywa bado yachemshwe.

Choo cha shimo mita chache kutoka ukingoni si dawa, mvua za masika hukisukumia kijitoni. Kwa mkojo peke yake fanyeni uzio wa makuti, mbali na maji, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, kila kimoja na kopo lake la kuchambia. Bila kopo la maji hakitatumika hata wiki moja, kwa sababu Muislamu hatakwenda pahala asipoweza kujisafisha. Miradi mingi ya vyoo imefia hapo.

Kufua kunahitaji sakafu ya saruji yenye mteremko na maji yanayoletwa. Hiyo ni pesa, siwadanganyi.

Nesi_Shamba

Niongeze machache kuhusu siku ya dawa, kwa sababu kalenda ya dini ndiyo inayoiharibu.

Msipange mchana wa Ramadhani, hilo linajulikana. Kinachosahauliwa ni Sita za Shawwal, funga za siku sita baada ya Ramadhani, na funga za Jumatatu na Alkhamisi. Watu wazima wengi hukataa kidonge siku hizo na kwenye daftari huandikwa "amegoma", kumbe kafunga. Jumanne na Jumatano ndizo salama.

Wale kwanza. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na mwenye minyoo mingi ndiye anayeumwa zaidi. Kule Morogoro mwaka 2008 ugawaji wa dawa skulini ulizua taharuki ya wazazi kwa madhara ya namna hiyo. Uji mzito au mkate na chai kabla ya kumeza hupunguza sana. Maalim wa chuo akimeza mbele ya wanafunzi wake, uvumi wa kwamba ni dawa za uzazi hupoa.

Kwa wanawake kuna jambo la aibu linalonyamaziwa. Mayai hukwama hata kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu, na damu baada ya tendo la ndoa. Mke hushukiwa zinaa, au hudhaniwa hedhi imevurugika. Hili lisisemwe mimbarini, lisemwe kwenye darsa za kinamama, na mwalimu mwanamke. Atakayekuwa nalo aende kituoni aeleze kwamba huingia kijitoni, kwa sababu asipolitaja hilo huenda akapewa dawa za magonjwa ya zinaa tu. Hukumu ya swala katika damu hiyo amuulize mwenye elimu, ila ajue si hedhi.

Na kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo kisitumike kwa aliye hedhini, kitasoma "ana kichocho" bure.

Jembe_la_Bonde

Shukran sana. Mawili yamezuka kwenye kikao. Mzee mmoja kasema basi watayamamu, yaani watumie udongo badala ya maji. Na vijana wanataka kumwaga dawa ya kuua konokono.

Maalim_wa_Chuo

Tayamamu ina masharti yake: kukosa maji, au kuhofia madhara kwa kuyatumia. Anayeweza kubeba lita mbili kutoka nyumbani hajakosa maji. Asiyeweza aulize Ofisi ya Mufti, nisimfungulie mlango hapa jamvini.

Darubini

Dawa ya konokono msiiguse wenyewe. Niklosamidi huua na samaki, na inahitaji kipimo cha mwendo wa maji. Mradi wa ZEST, wa kukomesha kichocho Zanzibar, ulioanza Unguja na Pemba kwenye 2011 na 2012, ulilinganisha njia tatu: dawa ya kumeza peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na kubadilisha mienendo. Maambukizi yalishuka sana bila kukatika kabisa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, wanaijua kazi hiyo, waulizeni.

Mnachoweza kufanya ni kujua konokono wako wapi. Vaeni mabuti na glavu za mpira, tafuteni kwenye majani yaliyozama penye maji ya pole. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo wa Bulinus uko kushoto, na hana kifuniko. Yupo mwingine anayefanana naye, Unguja hasa, asiyebeba kichocho, kwa hiyo msihukumu kwa sura. Wekeni alama ya mti kila mnapomkuta, na watoto wahamishiwe kukoga pwani kama ipo karibu. Maji ya bahari hayana kichocho.