Nimehama kutoka mkaa kwenda jiko la umeme: ninunue sufuria za umbo gani?

Mwanzisha uzi: Habari zenu wanajukwaa. Nimehamia nyumba ambayo mkaa hauruhusiwi, nikanunua jiko la umeme la sahani bapa. Sufuria zangu za zamani, ambazo vitako vyake vimetuna kwa kukaa juu ya makaa miaka mingi, zinayumba. Wali unaungua katikati na pembeni unabaki mbichi. Chungu changu cha samaki hakikai kabisa. Naomba kueleweshwa kwa nini vyombo hivi viliundwa hivyo, ili nijue kipi ninunue na kipi nitunze.

Fundi Sufuria: Pole, dada. Chungu kina kitako cha duara kwa sababu kilifinyangwa kwa ajili ya mafiga: mawe matatu hukishika vizuri hata pasipo sawa, ndimi za moto hukizunguka hadi mbavuni, na kwa kuwa hakina pembe, udongo unapotanuka kwa joto hakuna mahali pamoja panapobeba mkazo wote na kupasuka. Sahani ya umeme haina ndimi. Joto hupita vizuri pale tu inapogusana na chombo, hivyo hata upenyo mwembamba wa hewa unatosha kukuharibia wali. Pindua kila sufuria na uweke rula juu ya kitako; rula ikiyumba au mwanga ukipenya chini yake, hiyo haikufai. Nunua alumini nene yenye kitako kinachotoshana na sahani, kwani alumini husambaza joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma cha pua.

Mpishi wa Pwani: Naongeza jambo la mdomo wa chombo, ambalo kwangu ni kubwa kuliko kitako. Maharage yanataka chombo kirefu chenye mdomo mwembamba, ili mvuke upoe kwenye shingo na kurudi chini. Samaki wa kupaka anataka chombo kipana na kifupi, vipande vilale bega kwa bega bila kuvunjika na rojo likauke upesi. Kuhusu wali, kumbuka kwamba zamani ulipalia makaa juu ya kifuniko, na ndiyo faida ya vifuniko vyetu kuwa bapa. Sasa moto wa juu haupo: tumia sufuria pana, mchele usirundikane, kifuniko kiwe kizito na moto uwe mdogo.

Mwanzisha uzi: Nimewaelewa. Je, karai la maandazi?

Fundi Sufuria: Duara la karai hukusanya mafuta machache yakapata kina, lakini juu ya sahani litagusa sehemu ndogo mno. Kama mwenye nyumba anaruhusu gesi, mtungi mdogo wenye jiko juu yake utalifaa karai na chungu pia. Chungu chenyewe usikiweke juu ya umeme hata ukikiegemeza kikatulia, maana joto la mahali pamoja litakipasua.