Wakuu, mnafaidije mvinyo? Mimi kila glasi nasikia harufu ya mvinyo tu

Kizibo Kigumu

Habari za muda huu wakuu. Naomba msinicheke, au cheka kimyakimya halafu unisaidie.

Mimi na mke wangu tumeanza kupenda mvinyo kama mwaka hivi sasa. Tunanunua chupa, tunakunywa, ukitupendeza tunasema huu mtamu, usipotupendeza tunaumaliza hivyo hivyo. Mwezi uliopita tukaalikwa sehemu ya kuonja, glasi sita mezani, jamaa kasimama mbele anasema hapa sikilizieni tunda jeusi, tumbaku, ngozi, udongo uliolowa, na watu wote wanaitikia kwa vichwa. Mimi nimeingiza pua mpaka ncha imelowa na ninachosikia ni mvinyo. Nikasema labda sijazungusha glasi vizuri, nikaizungusha kwa nguvu, mvinyo ukaruka ukatua kwenye shati jeupe la jirani yangu. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje, na toka siku hiyo msimamo wake ni kwamba haya mambo ni maigizo, mle ndani kila mtu alikuwa anamdanganya mwenzake.

Kama haitoshi juzi nikafungua Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu ule mzito, nikala na samaki wa kuoka. Weee. Ni kama nimelamba sarafu, halafu shombo ikabaki kooni nusu saa nzima.

Sasa tuna likizo inakuja, siku nne, tunataka kutembelea mashamba ya mizabibu. Nimepanga mashamba matano kwa siku ili tufaidi. Eneo bado tunavutana kati ya Stellenbosch ya Afrika Kusini, Douro kule Ureno na Mosel ya Ujerumani. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, hivi hii pua inafundishika au nimezaliwa nayo hivyo, safari nipangeje, na chakula kinaendaje na mvinyo bila kukariri vitabu. Natanguliza shukrani.

Mjuba

Mashamba matano kwa siku? Mkuu hiyo siyo ziara, hizo ni mbio za kupokezana vijiti. La tano utafikishwa kwa machela.

Mzee wa Kahawa

Pole kwa shati la jirani. Ukitaka kuzungusha acha kitako cha glasi kikae mezani, shika shina, chora duara dogo, na mvinyo usizidi theluthi ya glasi. Hapo hata ukilewa humwagii mtu.

Pua yako haina shida kijana wangu. Shida ni kwamba unaonja glasi moja moja na unatafuta majina. Binadamu tuko hovyo sana kwenye kutaja jina la harufu, unaweza kunusa kitu unachokula kila siku ukiwa umefumba macho na jina likakwama kwenye ulimi, ila kulinganisha harufu mbili tunaweza vizuri tu. Mimi nilifunguka siku nilipoweka mivinyo miwili myeupe, Sauvignon Blanc na Chardonnay iliyolala kwenye pipa la mwaloni, glasi mbili ubavu kwa ubavu, nikawa naruka huku na huku. Hii inanuka majani yaliyofyekwa sasa hivi, ile inanuka siagi na vanila. Ungenipa ile ya kwanza peke yake ningesema nini? Ningesema mvinyo, kama wewe. Na wala siyo ushairi, vanila inatoka kwenye ule mwaloni, siagi inatokana na kazi ya bakteria wanaogeuza asidi kali, ile ya kwenye tufaha, kuwa asidi laini kama ya maziwa. Kwa hiyo nunua chupa mbili, siyo sita. Zitakazobaki rudisha kizibo weka friji, kesho onja tena uone zilivyobadilika.

Halafu yaache matunda kwanza, sikiliza mdomo. Ukimeza mate yakakujaa mashavuni ujue uchachu uko juu. Ulimi na fizi vikikauka kama umeuma tunda bichi, ule ukakasi ndiyo tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda ndiyo maana unao mwingi, mweupe kwa kawaida zabibu zinakamuliwa maganda yanatolewa kabla. Koo likipata moto hiyo ni pombe. Hayo matatu hata mwenye mafua anayapata, na ukiyajua hayo umeshamwacha nyuma nusu ya waliokuwa wanatikisa vichwa.

Siku nyingine zibeni pua wote wawili, pigeni funda moja, kaeni nalo mdomoni, halafu achieni pua. Mtaona ladha inavyoingia kwa mkupuo, kumbe sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha inapanda puani kwa mlango wa nyuma.

La mwisho ni joto. Mwekundu ukiunywa kwenye chumba cha nyuzi 27 unanusa pombe tupu, uweke friji ushuke mpaka 16 au 18. Mweupe ukitoka friji na nyuzi 4 umekufa ganzi, uache mezani ufike kama 10.

Mtazamaji

Mimi niko upande wa shemeji. Mwaka 2001 kulichapishwa utafiti kule Bordeaux, Ufaransa, wanafunzi 54 wanaosomea mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni wasomi wa fani. Sasa wewe na shati la jirani utaweza wapi? Maigizo matupu.

Mzee wa Kahawa

Mtazamaji, utafiti upo lakini unausoma kwa upande unaoutaka. Ulichoonyesha ni kwamba macho yanaiburuza pua, haukusema mivinyo yote ni sawa. Na dawa yake inajulikana, ficha chupa. Mwaka 1976 pale Paris muuza mvinyo mmoja Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakalisha waonjaji wakubwa wa Kifaransa bila kuwaonyesha lebo, wakaipa nafasi ya kwanza Chardonnay ya Chateau Montelena na Cabernet ya Stag's Leap, zote za California, mbele ya Burgundy na Bordeaux zao wenyewe. Lebo zingekuwa wazi unadhani wangethubutu?

Kizibo, mwambie mkeo avishe chupa soksi halafu akumiminie. Yeye si haamini, basi awe ndiye msimamizi wa mtihani.

Mtazamaji

Soksi iliyofuliwa lakini.

Msafiri Mwepesi

Kaka hebu tupige hesabu kidogo. Shamba moja wanakupa tuseme mivinyo sita, kila mmoja kama mililita 50. Hiyo ni 300. Mara mashamba matano ni lita moja na nusu, yaani chupa mbili kamili za 750, kila mtu, kwa siku moja, siku nne mfululizo. Mjuba anatania ila machela siyo utani.

Mimi nimeshafanya hilo kosa. Safari yangu ya kwanza nilipanga manne, la tatu sikumbuki chochote zaidi ya mbwa mkubwa mweupe aliyekuwa amelala mlangoni, la nne sikushuka garini. Sasa hivi ni mawili kwa siku, asubuhi moja mchana moja, katikati chakula cha maana cha kukaa mezani. Asubuhi saa nne hivi ndiyo mdomo unaonja vizuri, ila siyo dakika tano baada ya kupiga mswaki, dawa ya meno inaharibu kila kitu. Na usijipulize manukato, wewe na mkeo, utawaharibia na wengine.

Kutema. Najua unaona aibu, wote tuliona aibu. Ile ndoo pale mezani ni ya kutemea na watengenezaji wenyewe wanatema siku nzima. Fanya mazoezi bafuni na maji, kunja midomo kama unapiga mluzi, tema kwa nguvu kidogo, ukitema kwa upole inatiririka kidevuni na hapo ndiyo aibu yenyewe. Hata ukitema pombe kidogo inaingia, kwa hiyo anayeendesha asionje kabisa au mkodi dereva. Hilo sina mjadala nalo.

Weka miadi kabla, hasa mashamba madogo, kwa sababu huko unaweza kumkuta mwenyewe aliyetengeneza na viatu vyake vya matope na hapo ndipo raha ilipo. Muulize mwaka gani ulimtesa. Watajisahau wakuelezee saa nzima. Msimu wa mavuno, Septemba na Oktoba kwa kaskazini ya dunia, Februari na Machi kwa Stellenbosch, unaona zabibu zinaingia na harufu ya uchachukaji imetanda kila mahali lakini hao watu hawajalala wiki mbili, usitegemee soga ndefu.

Kuhusu eneo. Stellenbosch ni rahisi kwa mgeni, kama kilomita 50 kutoka Cape Town, mashamba yamezoea wageni, mtaonja Chenin Blanc na Pinotage ambayo ilizaliwa hapo hapo mwaka 1925, Profesa Perold alipochanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Mosel ni ya wapenda mweupe, Riesling kwenye miteremko ya mawe meusi ambayo ukiitazama kutoka chini unajiuliza mvunaji anasimamaje, na mingi ina pombe asilimia 8 au 9 tu kwa hiyo mchana hauishi mapema. Douro mipaka yake iliwekwa mwaka 1756, matuta ya mawe mlima mzima, na raha yake ni treni kutoka Porto mpaka Pinhão inayotambaa pembeni ya mto, hakuna kugombana nani aendeshe. Port, ule mvinyo mtamu, inatoka huko, wanakatisha uchachukaji kwa kuongeza pombe kali ndiyo maana sukari inabaki. Mimi ningeenda Douro, lakini mimi ni mgonjwa wa treni.

Jikoni Kwangu

Naona chakula kimeachwa kama kawaida. Ile sarafu uliyoilamba siyo uchawi, kuna watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, hasa mwekundu, yakikutana na vitu vya baharini ndiyo yanatoa ile shombo. Mvinyo wenye chuma kidogo hauna kesi, na hata Pinot Noir, mwekundu mwepesi, watu wanaila na samaki mwenye mafuta na wanafurahi. Ile Cabernet ilitaka nyama, protini na mafuta vinaibeba tanini, ukakasi unalainika.

Usikariri jozi. Fanya hivi, mimina mvinyo mwekundu mkavu, weka sahani yenye kipande cha limao, chumvi kidogo na kitu kitamu. Lamba limao na chumvi, kunywa, mvinyo umekuwa mpole. Kula kile kitamu, kunywa tena, umekuwa mchungu na mkali kama umebadilishiwa glasi. Nilimfanyia mdogo wangu hivyo akadai nimemchezea. Ukishaipata hiyo mdomoni mengine utajipangia, chumvi na uchachu kwenye chakula ni rafiki wa mvinyo, sukari ni adui labda mvinyo wenyewe uwe mtamu kuliko chakula. Chokoleti na mwekundu mkavu wanavyopenda kuuza siku za wapendanao mimi huwa nasikitika tu, ipe Port hiyo chokoleti. Pilipili kali usiipe mvinyo wenye pombe nyingi na tanini, moto unapanda, ipe Riesling yenye utamu kidogo.

Na kama hujui kabisa, tazama watu wa eneo wanakula nini na chao. Sancerre, mvinyo wa Ufaransa, na jibini la mbuzi la kijiji cha Chavignol ambacho kiko hapo hapo jirani. Jibini la buluu la chumvi kama Roquefort na mvinyo mtamu wa Sauternes, hiyo ukiionja piga simu kwa mtu.

Mjuba

Hapo kwa Jikoni nimesoma nikajikuta nimefungua friji. Kuna maji na limao.

Kizibo Kigumu

Wakuu nimerudi na ripoti. Jumamosi tumefanya mtihani wa soksi, Pinot Noir na Cabernet. Mke wangu akamimina, mimi nikanusa, nikazungusha kitako kikiwa mezani, nikatangaza kwa sauti nzito kwamba hii ya kushoto ni Cabernet. Nimekosa. Zamu yake nikamimina mimi, akaonja mara moja tu akasema ya kulia inakausha fizi, ya kushoto hapana, hiyo ya kulia ndiyo Cabernet, basi. Wala hakunusa. Akarudia mara tatu nimezibadilisha, zote kapata. Mimi nimepata mbili kati ya nne na moja nilichungulia soksi.

Jaribio la limao nalo limetushangaza, tumerudia mpaka limao likaisha.

Swali moja, kuna chupa ya tatu tulifungua ikawa inanuka kama boksi lililolowa mvua likasahaulika stoo. Tukainywa kidogo tukaacha. Hiyo nayo ni udongo uliolowa wa yule jamaa au ndiyo imeoza?

Mzee wa Kahawa

Hiyo siyo udongo wala haijaoza, ni kizibo. Kuna kemikali inaitwa TCA, inatokea kwenye kizibo chenyewe, haina madhara kwako lakini inaua matunda yote na kuacha hilo boksi. Irudishe ulikonunua, muuzaji anayejua kazi anakubadilishia bila maneno. Na hongera, watu wanakunywa miaka kumi hawajaitambua.

Kizibo Kigumu

Aliyeitambua ni mke wangu, mzee wangu, mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika "udongo uliolowa" kwenye daftari.

Haya, tumeamua Douro, mwisho wa Septemba, mashamba mawili kwa siku, treni. Orodha ya mashamba kaichukua mke wangu anaandika barua pepe za miadi mwenyewe, mimi nimebakiziwa mazoezi ya kutema bafuni. Na kaniambia safari nzima navaa shati jeusi na nikae mbali na wenye meupe.