MREJESHO: Betri ndani ya tochi, je, natakiwa kusajiliwa?

Wakuu, niliuliza kama mimi ninayeuza tochi za kuchaji mtandaoni, kwa wateja wa Ujerumani na Ufaransa, nahusika na sheria za betri wakati betri sikuitengeneza. Jibu: nahusika kabisa.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inamhesabu "mzalishaji" hata muuzaji wa mbali anayemuuzia mtumiaji wa mwisho moja kwa moja. Nami nilijidanganya kwamba betri ikishakuwa ndani ya tochi, haihesabiwi. Inahesabiwa. Sehemu ya uwajibikaji wa mzalishaji, yaani mzalishaji kubeba jukumu la betri zikishakuwa chakavu, ilianza kutumika 18 Agosti 2025.

Kilichonichosha ni usajili: unafanyika nchi kwa nchi, wa Ujerumani haukufai Ufaransa. Na kwa kuwa sina ofisi huko, ikabidi niteue mwakilishi kila nchi, kisha nijiunge na mfumo wa kukusanya betri chakavu na kuripoti uzito niliouza. Uzito wa betri tu, si tochi nzima! Nilikuwa nimeshapima kila kitu kwenye mizani, nikarudia.

Alama ya pipa lililokatwa msalaba (betri isitupwe na taka za kawaida) nilikiachia kiwanda, wameshaichapa. Ufaransa bado nasubiri namba ya usajili. Mpaka itoke, tangazo la huko nimeliondoa.