Kampuni za PR Dar: kwa mteja mimi ni afisa mwandamizi, kwenye malipo ni mtarajali

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jina la kampuni sitaji, maana wenzangu bado wako ndani na wana watoto wa kulisha. Lakini mliopita kwenye ofisi hizi mtazitambua tu.

Asiyeijua biashara hii aelewe kwanza kitu kimoja: kampuni ya mahusiano ya umma inauza saa za watu. Mteja, iwe benki, kampuni ya simu au mradi wa wafadhili, analipa ada ya kila mwezi, na ada hiyo inapigiwa hesabu kwa kuangalia nani atafanya kazi, kwa saa ngapi, na saa yake moja ni shilingi ngapi. Saa ya mkurugenzi ndiyo ghali, ya afisa mwandamizi inafuata, ya afisa mdogo iko chini. Ndiyo maana kila jioni tulijazishwa fomu ya saa. Robo saa kumpigia mhariri. Saa mbili kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Saa nzima kukaa kikaoni kwa mteja. Usipojaza, unaitwa ofisini na kufokewa mbele za watu.

Sasa nikatumwa kupeleka ankara kwa mteja pale Posta. Mhasibu wao akaifungua mbele yangu ili ahakikishe viambatisho vimekamilika, akanigeuzia karatasi nioneshe saini iko wapi. Nikakuta jina langu. Afisa Mwandamizi, Mahusiano na Vyombo vya Habari. Saa zangu zote zimeorodheshwa, kila mstari na bei yake. Kazi yangu ya siku mbili tu ilishapita posho yangu ya mwezi mzima! Na ofisini kwetu, kwenye kitabu cha malipo, mimi ni mtarajali. Nasaini laki mbili za nauli na chakula, basi. Mkataba hakuna, NSSF hakuna, bima ya afya hakuna. Wakati digrii ninayo, na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilishamaliza tangu niko chuo.

Ukiuliza unajibiwa, "Dogo, tulia, unajenga CV." Najenga CV kwa kipi? Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mwandishi wa gazeti jina lake linatoka juu ya habari. Mpiga picha ana picha zake. Sisi hotuba tuliyoandika inasomwa na mkurugenzi wa mteja, makala inatoka kwa jina lake, na ndivyo kazi ilivyo, wala silalamikii hilo. Lakini ndiyo sababu barua ya mwajiri kwetu ni kila kitu. Bila barua inayosema fulani alisimamia akaunti hii, yaani kazi za mteja huyu, kuanzia mwezi huu hadi ule, mimi sina ushahidi kwamba niliwahi kufanya kazi. Na barua hiyo wananinyima, eti mtarajali hasimamii akaunti. Mbona kwenye ankara nilisimamia?

Ngazi za kupanda wanazo kwenye maandishi: msaidizi, afisa, meneja wa akaunti, mkurugenzi wa akaunti. Ofisini kwetu sijaona mtarajali hata mmoja aliyepandishwa. Mteja akivunja mkataba, mnaambiwa kesho msije. Akipatikana mteja mpya, wanaitwa vijana wengine waliotoka chuo juzi.

Na tunafundishwa nini hasa? Asubuhi kabla ya watu kuamka uko kwa muuza magazeti, unanunua Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, The Citizen. Unakata habari za mteja kwa mkasi, unapima urefu kwa rula, unazidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa ule, halafu unaambiwa zidisha tena mara tatu kwa kuwa habari inaaminika kuliko tangazo. Jumla inayotoka ndiyo anayopelekewa mteja kama "thamani" tuliyomletea. Wataalamu wa upimaji walishaikataa hesabu hii mwaka 2010, kwenye Kanuni za Barcelona, wakasema wazi kwamba bei ya tangazo siyo thamani ya mahusiano ya umma. Sisi mpaka leo tunaipiga, na kijana akienda kwenye usaili wa kampuni ya kimataifa akaulizwa anapimaje matokeo, anaumbuka.

Halafu kuna bahasha, yaani pesa ya nauli wanayopewa waandishi. Mkutano na waandishi ukiisha, anayesimama mlangoni na orodha ya kusainisha nauli ni mtarajali. Bosi hayupo, mteja hayupo. Wakija waandishi wengi kuliko orodha, fedha ikapungua, unatoa mfukoni mwako ili habari isiuliwe. Kurudishiwa ni mpaka ulie. Na siku jambo hilo likigeuka kashfa, saini iliyopo ni ya nani?

Mabosi mkija hapa mtasema wateja wanachelewa kulipa. Ni kweli, wengine wanakaa miezi mitatu na zaidi, ankara nazijua, nilizipeleka mimi. Lakini kodi ya ofisi mnalipa kwa wakati, na mafuta ya gari la mkurugenzi hayajawahi kukosekana. Kwa nini mkopo wa kuendeshea biashara utoke kwenye tumbo la aliye chini kuliko wote?

Nimeisoma sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, hata likiwepo moja tu kati ya mambo kadhaa, mojawapo likiwa amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Mimi nilikuwa nazimaliza kwa wiki moja. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kwa hiyo neno "mtarajali" kitabuni haliwakingi kama wanavyodhani.

Sasa naomba msaada kwa waliowahi kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeachishwa juzi kwa meseji ya WhatsApp, na najua dai la kuachishwa lina siku 30 tu. Mkononi nina nakala za fomu zangu za saa, meseji za bosi za usiku wa manane, na miamala ya simu ya posho. Ankara yenye jina langu iko kwa mteja. Je, CMA inaweza kumwamuru mteja ailete, au niende kwa mhasibu mwenyewe nimwombe nakala kabla mabosi hawajamwahi?