Walimu wa poka, acheni kuwafundisha wacheza limiti mambo ya poka isiyo na kikomo!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Jumamosi nilikaa na mdogo wangu kwenye meza ya limiti (poka ambayo kila dau lina kiasi kilichopangwa) ya dola 4 kwa 8, yaani dau ni 4 mwanzoni na 8 kwa karata mbili za mwisho, huku Seattle tunakoishi. Dogo kapewa A mbili, pea bora kuliko zote, na watu wanne mbele yake wameshaingia. Akaweka dola 4, akatulia. Poti, yaani pesa zote za mezani, ikaja kubebwa na mzee aliyekuwa na 9 na 6 kwenye dau la lazima (pesa ambayo watu wawili huweka kabla ya kugawiwa karata), ambaye hakuongeza hata senti moja kuona flopu, karata tatu za kwanza za mezani.

Namuuliza kwa nini hakupandisha. "Kaka, mwalimu kasema A mbili zifichwe, ukipandisha unawafukuza watu."

Mwalimu huyo wa mtandaoni simtaji, lakini somo lake dogo kalilipia kwa pesa ya zamu za usiku. Inaniuma sana.

Kwenye limiti unamfukuza nani? Dau limefungwa! Mtu aliyekwisha kuweka dola 4 atatoa 4 nyingine bila kufikiri, na hicho ndicho unachokitaka. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Hata mbaki kumi mpaka karata ya mwisho, zinashinda kama mara 31. Yaani unachangia sehemu moja ya kumi ya poti, unaibeba karibu theluthi ya mara zote. Halafu mtu anakwambia ufiche! Pea yoyote yenyewe huja mara moja katika migao 17, na A mbili mara moja katika 221.

Kinachonichefua zaidi ni pea ndogo. "Ingia na pea yoyote, ukipata seti utalipwa." Seti ni pea yako ikipata karata ya tatu inayofanana nayo. Utalipwa na nani, kwa kiasi gani? Seti kwenye flopu inakuja mara moja, inakosa mara saba na nusu. Kwenye poka isiyo na kikomo ukiipata unaweza kumkomba mtu dola zake zote 200, sawa. Kwenye 4 kwa 8, mpinzani mmoja anayekufuata tu atakupa 4 kwenye flopu, 8, na 8 tena. Dola 20 basi.

Sasa pigeni hesabu. Una 3 mbili, mtu kapandisha, unalipa 8, mnabaki wawili. Ukiitegemea seti tu, kila inapokuja umeshapoteza dola 60 kuisubiri (8 mara saba na nusu). Unavuna 8 zake, 6 za madau ya lazima na hizo 20. Jumla 34! Na bado hatujataja siku seti inapovunjwa na flashi (karata tano za aina moja).

Pea hizo zinalipa pale watu watano wameshaingia kwa dola 4 na wewe uko viti vya nyuma, unaamua baada ya wengine: 20 ziko mezani tayari, na zilizobaki kufika 30 (4 mara saba na nusu) zinapatikana kirahisi. Kiti cha mbele, tupa. Kuanzia 10 mbili kwenda juu, pandisha. Za katikati, pandisha kama hakuna aliyeingia.

Dogo kafuata somo lile miezi minne, akiba ya kodi ya nyumba imekwisha. Nimemwandikia mwalimu mara tatu arekebishe somo au arudishe pesa. Ujumbe kausoma, hajajibu, na leo asubuhi kafungua darasa jipya.