Programu ya saa nzima siku sita au ya dakika 20: ipi ya kufuata nyumbani?

Mkeka_Mmoja:
Wakuu, nalinganisha programu mbili za nyumbani, zote bila vifaa. Ya kwanza ni ya wiki 8, siku 6 kwa wiki, dakika 50 hadi 60, miruko mingi, unapumzika sekunde 30 kila baada ya dakika 3. Ya pili ni dakika 20 kwa siku 5: sekunde 40 kazi, 20 kupumzika. Lengo: kitambi kipungue, pumzi iongezeke, misuli isipotee. Kiwango kwa sasa ni pushapu 8 mfululizo na kutembea haraka nusu saa bila taabu. Ipi inalipa? Na hiyo fupi inatosha kweli, au ni maneno ya wauzaji?

PumziNdefu:
Anza na hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wazima unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Dakika 20 mara 5 ni 100. Ukitoa dakika 4 za kupasha mwili na 2 za kupoa, zinabaki 14 kwa siku, yaani 70 kwa wiki. Uko mlangoni tu mwa kiwango cha chini, na hapo ni kama ukali ni wa kweli. Kipimo chake ni rahisi: ukimaliza sekunde 40, jaribu kusema sentensi. Ikitoka nzima bila kukatwa na pumzi, hiyo bado ni ya wastani, hata kama jasho linachuruzika.

Sasa hiyo ya saa nzima. Hakuna mwili unaokwenda kwa ukali wa juu dakika 55. Inavyokuwa ni kwamba kufikia dakika ya 20 au 25 kasi imeshuka, miguu imechoka, na miruko bado inaendelea. Hapo ndipo watu huumia: magoti yanaanguka ndani wakati wa kutua, visigino vinapiga sakafu kwa kishindo, mgongo unajipinda kwenye planki (kujishikilia kwa mikono na vidole vya miguu, mwili umenyooka). Mapafu na moyo huzoea mazoezi haraka kuliko kano na mifupa, kwa hiyo wiki ya tatu unajisikia una nguvu ya kuongeza wakati ugoko, kano ya kisigino na ile ya chini ya kilegesambwa (pia ya goti) bado ziko nyuma. Siku 6 mfululizo hazizipi nafasi ya kujijenga.

Kwa pushapu 8, chukua fupi.

Seti_Tatu:
Nakubaliana na PumziNdefu kuhusu viungo, ila tusiifanye fupi kuwa muujiza. Mtu wa kilo 70 akifanya kazi kali dakika 20 anatumia kama kalori 190. Dakika 55 za ukali mchanganyiko ni kama 450. Hayo ni makadirio, lakini pengo lipo, na ule uchomaji wa kalori wa baada ya mazoezi unaotangazwa sana ni mdogo mno kuliziba. Linalozibika kwa urahisi ni kwa miguu: dakika 40 za kutembea haraka zinaongeza kama kalori 200, na hazikuachii uchovu wa kuharibu zoezi la kesho.

Kitambi hakichagui zoezi. Planki na kukunja tumbo vinaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe yanapungua mwili mzima, kwa mpangilio wa mwili wako, ukila pungufu ya unachotumia.

Halafu hizi video za "dakika 4 zinatosha" zimechukuliwa kwenye utafiti wa mtafiti Mjapani Izumi Tabata wa mwaka 1996. Pale watu walikuwa kwenye baiskeli ya maabara, sekunde 20 kazi na 10 kupumzika, mizunguko 7 hadi 8, kwa kiwango cha takriban asilimia 170 ya kile kinachofikisha mwili kwenye ukomo wake wa kutumia oksijeni. Ukiruka na kutanua mikono sebuleni kwa mpangilio huohuo wa sekunde, umechukua saa ya ukutani tu, si zoezi lenyewe.

Bega_Imara:
Wote mmesahau misuli. Programu za aina hii kwa kawaida zinasukuma na kuruka, hazivuti. Baada ya miezi kifua kimekaza, mabega yamekuja mbele, mgongo wa juu haujafanya kazi.

Tena, sekunde 20 za kupumzika hazijengi nguvu vizuri, kwa sababu pumzi inaisha kabla misuli haijapata kazi ya kutosha. Siku za nguvu pumzika sekunde 90 hadi 120. Jaza begi la mgongoni kilo 10 hivi (vitabu au chupa za maji, zifungwe zisichezecheze), inama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, vuta begi kuelekea kitovuni, seti 3 za 8 hadi 12. Pushapu weka mikono juu ya meza nzito isiyoteleza, seti 3 za 10. Ukifika 15 kwa seti zote, shuka kwenye kitu kifupi zaidi. Miguu: skwati (kuchuchumaa na kuinuka) ya mguu mmoja mbele na mwingine umewekwa nyuma kwenye kiti. Kila seti iishe ukiwa bado na marudio 2 ya akiba.

Mkeka_Mmoja:
Shukrani wakuu. Je, fupi mara mbili kwa siku? Na kuna jirani ghorofa ya chini, miruko ni shida.

PumziNdefu:
Mara mbili kali kwa siku, hapana. Kali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, za Bega_Imara Jumanne na Jumamosi, kutembea siku yoyote, Jumapili acha. Wiki 2 za kwanza tumia sekunde 30 kwa 30, kisha ndiyo uende 40 kwa 20. Usiongeze muda na ukali wiki moja.

Miruko iondoe kabisa: badala ya kurusha miguu nyuma kwenye planki, ipeleke mmojammoja, badala ya skwati ya kuruka, shuka polepole sekunde 3 na panda kwa nguvu bila nyayo kuacha sakafu. Mapigo ya moyo yatapanda tu.

Bega_Imara:
Nyongeza ya hatari: maumivu ya misuli ya siku 1 hadi 3 ni kawaida. Mkojo wa rangi ya kola, misuli kuvimba na maumivu makali kupita kiasi baada ya zoezi zito si kawaida. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huwapata sana wanaoanza kwa kishindo. Mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo amwone daktari kabla ya zile za sekunde 40.

Seti_Tatu:
Na ukitaka ile ndefu baadaye, ifanye siku 3 badala ya 6, na uikate kasi yako inapoporomoka, hata kama video ina dakika 25 zaidi.